Zimwi Lapewa Ulimi

Watazamaji wengi wa sinema za kutisha huipima filamu ya pili kwa kuuliza kama inatisha kuliko ile iliyoitangulia. Kipimo hicho hakizifai kazi mbili za James Whale, Frankenstein ya 1931 na Bride of Frankenstein ya 1935. Ya pili haitishi kama ya kwanza, na hata hivyo ndiyo iliyo bora. Sababu yake ni ya lugha.

Katika filamu ya 1931 zimwi lililoundwa kwa viungo vya maiti, ambalo liliigizwa na Boris Karloff, halitamki neno. Languruma, lanyoosha mikono kutaka kuushika mwanga, laogopa mwenge. Linapomtupa mtoto Maria ziwani, likidhani ataelea kama maua waliyokuwa wakiyarusha pamoja, mtazamaji hushikwa na hofu kwa kuwa kosa hilo halina wa kulieleza. Ububu ndio kitisho chenyewe. Karloff alipinga zimwi kusemeshwa katika filamu iliyofuata, na hoja yake si ya kupuuzwa: zimwi likisema huanza kufanana na jirani.

Lakini na tutazame linavyoyapata maneno hayo. Likivutwa na sauti ya fidla, linaingia katika kibanda cha mzee kipofu aishiye peke yake msituni. Mzee halioni, kwa hiyo haliogopi. Analifundisha mkate, kinywaji, wema, rafiki. Msamiati wake wa kwanza, basi, ni wa karamu, wala si wa amri. Kisha waja wawindaji wawili, wenye macho mazima, na kibanda chateketea. Mzee aondolewa, zimwi labaki na neno tu. Tangu hapo linajua jina la kitu lisicho nacho. Hofu imegeuka huzuni, nami naona badiliko hilo lina faida. Mary Shelley naye, katika riwaya yake ya 1818, alikifanya kiumbe hicho kijifunze lugha kwa kuwasikiliza kwa siri watu wa nyumba moja.

Vile vijitu vya Dakta Pretorius vilivyotiwa chupani, mfalme na malkia na wengineo, ni mzaha unaoichelewesha hadithi bure.

Zito zaidi ni suala la bibi harusi. Elsa Lanchester anaigiza watu wawili: mwanzoni ni Mary Shelley mwenyewe, akiwasimulia Byron na Percy Shelley, mwishoni ni mke aliyeundwa. Yule wa kwanza ana hadithi nzima kinywani. Huyu wa pili hapewi hata neno moja. Anapiga ukelele, anatoa mlio kama wa bata bukini mwenye makinda. Zimwi linamwendea na neno lake, rafiki, naye halijui, maana hakuna aliyemfundisha. Katika riwaya, Frankenstein anamharibu mke huyo kabla hajapata uhai. Whale amethubutu kumwacha aamke, aone, akatae. Dakika zake ni chache, nazo filamu ya kwanza isingaliweza kuzifikia, kwani humo zimwi halikuwa na neno ambalo mtu angaliweza kulikataa.