"Inasemekana": Lugha ya Tuhuma na Dhima ya Msemaji katika Kisii na Nyamira

Methali "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani" aghalabu hufundishwa kama hekima. Ikichunguzwa, ina kasoro kubwa: inayapa maneno uzito wa ushahidi bila kuuliza yametamkwa na nani.

Athari ya fikra hiyo imedhihirika Kisii na Nyamira, ambako tuhuma ya kuwa omorogi, yaani mchawi, imewagharimu wengi maisha. Mwezi Mei 2008 watu wasiopungua 10, wengi wao wazee, walichomwa moto Kisii. Mwezi Oktoba 2021 akina mama wakongwe wanne waliuawa huko Marani. Tuhuma huzaliwa kwa Ekegusii. Inapofika mjini na kwenye taarifa za habari huvikwa Kiswahili, na vazi lake ni "inasemekana". Kitenzi hiki kimo katika kauli ya kutendeka: tendo lipo, mtendaji hayupo. Kijiji kizima husema, na hakuna aliyesema. Aidha, marehemu huitwa "washukiwa wa uchawi", ilhali waliowaua huitwa "wananchi wenye ghadhabu". Hivyo aliyeuawa hubaki mshtakiwa hata kaburini.

Wako watakaojibu kwamba kumkataza mwanakijiji kutaja hofu yake ni kumziba kinywa. Hoja hii yastahili kusikilizwa, kwani aliyefiwa na mtoto ana haki ya kuuliza sababu. Hata hivyo, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilipoharamisha kumtuhumu mtu uchawi, iliruhusu tuhuma ipelekwe kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Huko msemaji hujulikana, naye huweza kuhojiwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza, lakini hailindi uchochezi wa ghasia, tena inamtaka kila mtu kuheshimu haki na sifa za wengine.

Kwa hiyo uhuru wa kusema hutimia pale msemaji anapokubali kuulizwa. Katika nchi ya mashamba madogo, ambapo kifo cha mjane huweza kumnufaisha jirani au hata ndugu, kumtambua aliyeanzisha uvumi ni kutambua pia faida yake. Mwalimu afundishaye methali ile hana budi kuwauliza wanafunzi wake: limesemwa na nani, na anayetajwa amepewa nafasi gani ya kujibu?