Pete Seeger na Ufundi wa Kuimbisha

Kuimba ni kazi moja, kuimbisha ni kazi nyingine. Mwimbaji hutoa sauti yake watu wakasikiliza. Mwimbishaji hutoa wimbo watu wakauchukua. Katika ngoma nyingi za Tanzania kazi hii ya pili ina mwenyewe, manju, ambaye bila waitikiaji hana ngoma. Marekani, ambako wimbo ulikwisha kuwa bidhaa ya kununuliwa kwenye santuri, mwimbishaji mkubwa wa karne ya 20 alikuwa Pete Seeger, mpiga banjo aliyezaliwa New York mwaka 1919 na kufariki mwaka 2014 akiwa na miaka 94.

Ufundi wake ulikaa katika pumzi moja. Kila mstari ulipokaribia kwisha, Seeger aliyatamka haraka maneno ya mstari unaofuata, kwa sauti ya kusema tu, kisha umati ukayaimba. Hakuna aliyegawiwa karatasi, na asiyeujua wimbo aliujua ukiwa tayari kinywani mwake. Ukumbi ukishachangamka, aliwagawa watu: hawa sauti ya chini, wale ya juu, naye akapanda juu yao wote, kichwa nyuma na kidevu hewani. Jambo hili laonekana jepesi mpaka mtu alijaribu. Maneno yakitamkwa mapema mno husahaulika, yakichelewa humeza pigo, na anayeyatamka hana budi kuishusha sauti yake pale ambapo mwimbaji mwingine angeipandisha ili ashangiliwe.

Ala nayo iliwekwa chini ya kazi hiyo. Seeger aliisikia banjo ya nyuzi tano katika tamasha la ngoma za milimani huko North Carolina mwaka 1936, akavutwa nayo moja kwa moja. Uzi wake mfupi, unaopigwa kwa kidole gumba, ni urithi wa ala za Afrika Magharibi zilizovuka Atlantiki pamoja na watumwa. Baadaye alijitengenezea banjo yenye shingo ndefu zaidi, ili nyimbo zishuke hadi pale koo linapozifikia bila kujikakamua. Mwaka 1948 alitoa kitabu cha kujifunzia banjo, alichokiandika na kukichapa mwenyewe kwa mashine ya stensili, na vijana wengi walijifunza kwacho bila kumwona mwalimu wao.

Biashara ilimpata hata hivyo. Mwaka 1950 kundi lake, The Weavers, lilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 13 kwa wimbo "Goodnight, Irene", waliojifunza kwa Lead Belly, mwanamuziki Mweusi aliyekuwa amefariki miezi michache tu kabla. Halafu zikaja tuhuma za ukomunisti. Kumbi na redio zikawafungia, na mwaka 1952 kundi likavunjika. Lilirudi jukwaani mwaka 1955. Miaka mitatu baadaye wenzake walipokubali kuimba tangazo la sigara, Seeger aliondoka. Waweza kusema kwamba mtoto wa msomi, aliyewahi kukaa Harvard, anamudu kukataa fedha kuliko mtoto wa kibarua. Ni kweli. Lakini mtu huyu na mkewe Toshi walijenga kibanda chao cha magogo kwa mikono yao kando ya mto Hudson, na miaka ya mwanzo waliishi humo bila umeme wala maji ya bomba.

Siasa zake hazikumkalia vizuri mwanachama wa chama chochote. Aliingia Chama cha Kikomunisti akiwa kijana, akakiacha, na uzeeni alikiri hadharani kwamba alikosea kwa kutouona ukatili wa Stalin. Mwaka 1948 alizunguka na Henry Wallace, mgombea urais aliyesimama nje ya vyama viwili vikubwa na kukataa kuhutubia mikutano iliyowatenga Weusi na Weupe. Wallace hakupata hata jimbo moja. Agosti 1955 Seeger aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyowasaka wakomunisti. Ipo kinga ya katiba inayomruhusu shahidi kunyamaza asije akajitia hatiani, lakini hakuitumia. Alisema kwamba hakuna Mmarekani anayepaswa kuulizwa imani yake au kura yake, kisha akajitolea kuwaimbia nyimbo walizokuwa wakimuuliza. Mwaka 1961 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kukataa kujibu, na mwaka 1962 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu.

Kufungiwa huko na kumbi na redio ndiko kulikosambaza ufundi wake. Televisheni ilipomfungia mlango, alikwenda shuleni, vyuoni na kwenye kambi za watoto, akiimbisha kwa ujira mdogo. Kizazi kilichofundishwa kuitikia huko ndicho kilichojaza maandamano ya miaka ya 1960.

Katika uchumi wa nyimbo palikuwa na mafanikio na doa. "We Shall Overcome", wimbo uliopitia mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku huko Charleston kabla ya kumfikia Seeger, uliandikishwa kwa jina lake na wenzake watatu, na mirabaha yake ikapelekwa kwenye mfuko wa kusaidia jamii za Weusi wa Kusini. "Mbube" haukuwa na bahati hiyo. Mwimbaji Solomon Linda aliurekodi Johannesburg mwaka 1939, The Weavers wakauimba kama "Wimoweh", na Seeger akamtumia dola 1,000. Linda alikufa maskini mwaka 1962, huku wachapishaji wakiendelea kuvuna. Ukarimu wa mtu mmoja ulishindwa pale mkataba ulipokosekana, na Seeger alilijutia jambo hilo. Uzeeni alipigania utaratibu wa kurudisha sehemu ya mirabaha ya nyimbo za jadi kwa watu ambao nyimbo hizo zilitoka kwao.

Januari 2009, siku mbili kabla ya Barack Obama kuapishwa, Seeger alisimama mbele ya sanamu ya Lincoln huko Washington pamoja na mwimbaji Bruce Springsteen. Alikuwa na miaka 89 na sauti imekwisha kukauka. Wimbo ulikuwa "This Land Is Your Land" wa rafiki yake Woody Guthrie, na alitaka beti zote ziimbwe, pamoja na zile ambazo shule huziruka: ubeti wa kibao kinachokataza watu kupita kwenye ardhi ya mwenye mali, na ubeti wa wenye njaa waliopanga foleni ya msaada. Aliyatamka maneno kabla ya kila mstari, na mamia ya maelfu ya watu wakamwitikia.