Kamba, timazi na maji ya kununua

Boma lao limefika kwenye lenta. Liko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na tangu msingi mpaka hapo hakuna fundi wa kulipwa aliyeligusa. Mume ni dereva wa bodaboda, mke anashona nguo. Kabla ya kiwanja hiki hata mmoja wao hakuwahi kushika mwiko. Niliukagua ukuta wa nyuma kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu kwa mgeni, nikitafuta ulipopinda. Umenyooka.

Uzuri wake ulianzia kwenye matofali. Ya kununua barabarani yapo mazuri, lakini yapo pia yanayomomonyoka ukiyakwaruza kwa ukucha, kwa sababu mfuko wa saruji umelazimishwa kutoa mengi kupita uwezo wake. Hawa waliazima mashine ya mkono wakafyatua wenyewe, ya inchi 6, mfuko wa kilo 50 ukitoa 30 hivi. Mke ndiye mwenye kipimo cha maji. Anachota konzi ya mchanganyiko, anafumba ngumi, anafumbua. Ukishikana bila kuacha maji kiganjani, unaingia kwenye mashine. Ukimeguka, unanyunyiziwa tena. Alifanya hivyo kwa kila rundo jipya, hata lile ambalo jicho lilikwisha kuliona kuwa sawa.

Halafu kumwagilia, na hapa ndipo nilipowavulia kofia. Saruji haikomai kwa kukauka. Inakomaa kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, ndiyo maana wahandisi hupima nguvu ya zege likiwa na siku 28. Tofali likiachwa juani mapema, maji yanatoroka kazi ikiwa bado, na ugumu wake unakuwa wa kutazama tu. Mtaani kwao maji ni ya kununua kwa dumu. Wakayafunika matofali kwa magunia na kuyanywesha asubuhi na jioni, wiki nzima, kwa maji ambayo wangeweza kuyapikia.

Kona za msingi walizipata kwa kamba na futi ya mke ya kushonea: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na mshazari lazima utoe 5 kamili. Usawa waliuchukua kwa mpira mweupe uliojazwa maji.

Kwenye kujenga nilikaa nikawatazama. Tofali zima la inchi 6 lina uzito wa kilo 30 hivi. Mume analishusha juu ya mota, analigonga kwa mpini wa mwiko mpaka liguse kamba bila kuisukuma. Mke anateremsha timazi na kusubiri iache kuyumba, kisha anaangalia nafasi kati ya uzi na ukuta, juu na chini.

“Baba watoto, limetoka nje kidogo.”

Hicho kidogo mimi sikukiona. Mume hakubisha. Alilinyanyua, akakwangua mota yote, akatandika nyingine. Fundi mzoefu angesema plasta itaziba, na mara nyingi angekuwa sahihi, maana anajua plasta inaweza kuficha nini na nini haiwezi. Hawa hawajui mpaka huo uko wapi, kwa hiyo hawajaiachia kitu cha kuficha. Ndiyo siri ya ukuta ule, na naiona ni ustadi kamili, ingawa umefika kwa njia ndefu.

Lenta waliizungusha nyumba nzima, nondo za milimita 12 zikiwa zimefungwa kwa ringi, na zege wakalimwaga kwa siku moja, kwa msaada wa majirani, ili lisiwe na kiungo katikati. Kenchi na bati watamwachia seremala. Mzigo wa paa hawataki kuujaribia. Wakati wanakusanya hela ya mbao, mashine ya kufyatulia imerudi tena uani. Wameanza matofali ya choo.