Nakala ya Rembrandt Katika Nyumba ya Nkanka

Likizo iliyopita tulialikwa na mwalimu mwenzetu nyumbani kwao Nkanka, wilayani Rusizi, tukaitazame picha waliyoirithi kwa babu yao, aliyekuwa katekista. Ukoo mzima uliamini kuwa ni kazi ya mkono wa Rembrandt, na mnunuzi mmoja alikwisha kutaja bei. Tuliombwa rai, nayo twaitoa hapa kwa idhini ya wenyewe.

Picha yaonyesha Yesu akiteremshwa msalabani. Rembrandt alikichora kisa hicho katika bamba la shaba mwaka 1633. Bamba hupakwa nta, msanii akachora juu yake kwa sindano, kisha tindikali huila shaba pale nta ilipoondolewa. Wino hujazwa katika mifereji hiyo, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake. Kwa hiyo chapa hutoka kinyume cha bamba, kulia kukawa kushoto.

Hapo ndipo siri ilipofichuka. Tuliilinganisha na chapa ya Rembrandt iliyomo kitabuni, tukakuta ya Nkanka imegeuka: mzee mwenye kilemba, aliyeegemea fimbo, amesimama upande usio wake. Mnakili aliifuata chapa kama alivyoiona, asijali kuigeuza kwanza. Tena mkono wake ni mzito. Miale ishukayo kutoka mbinguni imekuwa kama fito za ua. Wale wanaoupokea mwili wamesimama kama watu waliopangwa kupigwa picha. Hakuna hata mmoja anayeelemewa. Kosa hili twaliona kubwa kuliko lile la kugeuza, maana habari yote ya picha hii ni uzito wa maiti mikononi mwa walio hai.

Hata hivyo, tusilidharau upesi neno ‘nakala’. Chapa ya Rembrandt yenyewe ilitokana na mchoro wake wa rangi, ulioko sasa mjini München. Na mchoro huo ulimtazama Rubens, aliyekichora kisa hicho kwa ajili ya kanisa kuu la Antwerp kati ya 1612 na 1614, na ambaye kazi yake ilienea kwa chapa ya Vorsterman ya mwaka 1620. Lakini Rembrandt alichukua akaongeza. Kwa Rubens mwili washuka kwa madaha, ungali na nguvu za misuli. Kwa Rembrandt ni maiti ya mtu, imelegea, haina uzuri wa kujivunia. Sisi tunaofundisha tafsiri twaijua tofauti hiyo kila tusahihishapo madaftari. Mnakili wetu hakuongeza kitu.

Nyuma, juu ya ubao wa fremu, babu aliandika kwa kalamu ya wino majina ya watoto na wajukuu wake pamoja na tarehe za ubatizo wao. Wanne kati yao waliuawa mwaka 1994, na hapana picha yao iliyosalia. Mnunuzi alisema ataka karatasi tu. Ubao wabaki nao.

Tulimweleza mama mwenye nyumba kwamba bei ile ni ya Rembrandt, na hii siyo. Akiuza, amwambie mnunuzi ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama jua laweza kuufifisha wino wa nyuma. Tukamjibu kuwa laweza, na unyevu wa ukuta pia. Kabla hatujaaga tulisaidiana kuihamishia chumba cha ndani, mbali na dirisha.