Mwase Zilipelekwa Nyuma kwa Nini?

Mliokuwa uwanjani Kitui siku kilumi, ngoma yetu ya pepo ya Wakamba, ilipochezwa mbele ya wageni mliona, na tangu siku ile swali ninaloulizwa ni moja: nani aliamuru mwase, ngoma zinazoipigia kilumi, zisukumwe nyuma? Nasema mapema kwamba lilikuwa kosa, na ndilo lililoua kilumi. Jua halikuhusika, wala uchovu wa akina mama.

Wachezaji na wapigaji waliingia vizuri. Wapigaji walikaa katikati, mwase zimebanwa magotini, wachezaji wakizizunguka, kayamba zikijaza nafasi kati ya pigo na pigo. Ndipo mkufunzi wa kikundi alipoingia akawapanga akina mama mstari mmoja, nyuso kwa jukwaa la wageni, na ngoma zikahamishiwa nyuma yao karibu na spika. Kuanzia hapo mpigaji mkuu aliona migongo tu.

Kilumi haipigwi kwa migongo. Mpigaji wa mwase anasoma mabega. Kila pepo lina mdundo wake, na aliyepandwa huudai kwa mwili kabla ya kuudai kwa mdomo: bega hutangulia, shingo hufuata, na mpigaji hubana mapigo au huyabadili kabisa mpaka apate lile linalotakiwa. Asipoona atapiga nini? Atapiga alichozoea. Mlimwona yule mama wa upande wa kulia. Mabega yake yalishaanza, jirani zake wakamgeukia wamshike na kumwitikia kama ilivyo desturi, mkufunzi akawaashiria warudi mstarini. Ngoma iliendelea na mdundo ule ule, kwa kuwa aliyeipiga hakuwa na habari. Mama akapoa. Wanawake waliokuwa wakiitikia kutoka pembeni ya uwanja nao wakanyamaza, na hawakurudi tena mpaka mwisho.

Kisha ikalia filimbi! Filimbi ni ya mbeni, ngoma ya vijana. Vijana wa mbeni huruka na kupinduka kwa amri, mistari ikibadilika kama gwaride, na hilo lina asili yake: mbeni ni ndugu wa beni, ile ngoma ya pwani iliyosambaa bara pamoja na askari wa KAR, jeshi la kikoloni, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilumi haina kamanda. Huisha pale aliyepandwa anaporidhika, na mpigaji hulijua hilo kwa kumtazama.



Nimeandika habari hii mara nyingi na nitaiandika tena: ugonjwa huu wa kupanga mistari umetoka mashindanoni. Tangu Tamasha la Muziki la Kenya lilipoanza mwaka 1927, jaji hukaa upande mmoja, na kikundi kinachotaka alama humfuata kwa macho. Bomas of Kenya, kuanzia miaka ya sabini, waliwachezea watalii walioketi vitini. Kwa njia hiyo ngoma zetu zimepewa mbele na nyuma. Pale ithembo, mahali petu pa matambiko chini ya mti, hapakuwa na mbele. Akina susu, bibi zetu wa Kitui, waliopiga mwase kuomba mvua kabla ya Novemba walizungukwa na kijiji kizima, na aliyesimama nje ya duara alikuwa na kazi ya kuitikia, kupiga makofi, kumdaka aliyeanguka. Wale walikuwa wapigaji. Mmoja wao angeweza kubadilisha mdundo katikati ya wimbo kwa sababu ya kisigino cha mtu mmoja, na kundi zima likamfuata bila kupotea. Paul Kavyu aliziona ngoma hizi kuwa jambo la kutungiwa kitabu kizima, Drum Music of Akamba. Wakufunzi wetu wakisome kabla hawajapanga mstari mwingine.

Nimesikia utetezi kwamba wageni walitaka kuona nyuso, na kwamba maikrofoni ilikuwa moja tu. Maikrofoni moja ingetosha kama ingewekwa katikati, kando ya mwase, na sauti za duara zingeifikia kutoka pande zote. Na wageni wana miguu. Viti vya mstari wa mbele vingeondolewa, wakaja kusimama pembeni ya duara pamoja na wale wanawake, wakafundishwa kiitikio, kwani kiitikio cha kilumi ni kifupi na mtu hukishika upesi. Mkufunzi alikuwa na asubuhi nzima ya kulipanga hilo.