Alamu Inalia, Injini Inawaka

Fundi wa ile video ya kufunga alamu kwenye pikipiki ya SanLG amekata waya usiohusika. Wengi mmeshaiona, maana imezunguka sana kwenye magrupu ya bodaboda, na wengi mmeisifu. Mimi siisifu. Nakubali kwamba mengine aliyafanya vizuri: boksi la alamu kalificha chini ya tangi, waya mwekundu kaupeleka betri kupitia fyuzi, indiketa kaziunga kushoto na kulia bila kuchanganya. Lakini alipofika kwenye kipengele cha kuzima injini, ambacho ndicho kinachomfanya mtu atoe hela yake Kariakoo, Dar es Salaam, aliuvuta ule mweusi mtupu unaotoka kwenye swichi, akaukata, akaupitisha kwenye alamu.

Kitazameni tena kipande hicho. Anaukata kwa plaizi, anaunga ncha zote mbili, anafunga alamu kwa rimoti, anafungua swichi, anabonyeza stata. Kimya. Anabonyeza tena. Kimya. Anainua dole gumba na waliomzunguka wanashangilia. Muda wote huo kiki iko pale pale ubavuni mwa injini, imekunjwa, na hakuna hata mmoja aliyeikunjua akaikanyaga. Angeikanyaga, injini ingewaka mbele ya kamera huku alamu ikipiga kelele, na video isingerushwa.

Pikipiki hizi ni nakala ya Honda CG125, mashine iliyotoka mwaka 1976, na walionakili kwa kawaida wamefuata hadi rangi za nyaya: nyekundu ni betri, kijani ni ethi, nyeusi ni umeme unaopita swichi ikishafunguliwa, rangi ya chungwa indiketa ya kushoto, samawati ya kulia. Kisha kuna mweusi wenye mstari mweupe, na huo ndio wenye amri juu ya injini. CDI ya aina hii, yaani kile kisanduku kinachotoa umeme wa cheche ya plagi, haitegemei betri hata kidogo. Inalishwa na koili iliyo ndani ya magneto, kwa hiyo injini ikizungushwa tu, plagi inapiga cheche, betri iwepo isiwepo. Ndiyo maana kule vijijini mtu anamaliza msimu mzima wa mavuno akibeba magunia bila betri. Unapozima swichi, hakuna kinachokatwa upande wa CDI. Swichi inaukutanisha mweusi wenye mstari na ethi, umeme uliokuwa uende kwenye plagi unamwagikia kwenye bodi, injini inakufa. Kuizima mashine hii ni kuunganisha, si kukata.

Sasa ule mweusi mtupu unalisha nini? Stata, honi, indiketa, taa ya breki. Ukiukata, stata inakufa, na hicho tu ndicho tulichoonyeshwa. Cheche ya plagi haikuguswa.

Na mwizi wa pikipiki haji na ufunguo. Anachomoa soketi ya swichi nyuma ya taa ya mbele, mweusi wenye mstari unaachana na ethi, anapiga kiki. King'ora kitalia, ndiyo. Atachomoa betri, king'ora kitanyamaza, na injini itaendelea kunguruma kwa sababu haikuwa na shida na betri tangu mwanzo. Kijana wa mkataba aliyebakiza miezi kadhaa ya kupeleka hesabu kwa tajiri ataamka akute doa la oili pale alipoegesha, na deni liko palepale. Huyo ndiye ninayemwonea uchungu, maana aliambiwa injini imefungwa.

Mafundi wa zamani wa Gerezani wasingeteleza hapa. Hawakuwa na rimoti. Walikuwa na swichi ya siri: kiswichi kidogo chenye nyaya mbili, mmoja kwenye mweusi wenye mstari, wa pili kwenye ethi, kimefichwa nyuma ya kava la pembeni. Fundi mmoja niliyekuwa nikimpelekea chombo changu alikuwa na kipimio alichojitengenezea, balbu ya indiketa iliyochomelewa nyaya mbili, mmoja una kibanio na mwingine msumari. Anabana kibanio kwenye bodi, anachoma ganda la waya kwa msumari, anaangalia balbu swichi ikiwa imefungwa, kisha anaifungua na kuangalia tena. Plaizi haikutoka mfukoni kabla ya hapo. Na kabla ya kurudisha kava, alikulazimisha mwenyewe upande upige kiki mpaka uchoke. Kizazi hiki kinasoma rangi kwenye karatasi ya Kichina iliyokuja na boksi na kuamini kwamba kila pikipiki duniani inazimwa kwa kukatiwa umeme. Zipo zinazozimwa hivyo, zile ambazo CDI yake inakula betri. SanLG hii si mojawapo.

Tiba haina gharama kubwa, na hata ule waya alioukata unaweza kutumika. Chukua rilei ya miguu mitano. Mguu wa 30 uunge kwenye mweusi wenye mstari, chini ya tangi, karibu kabisa na CDI. Ukiuunga kule mbele kwenye swichi, mwizi akichomoa soketi anachomoa na ulinzi wako. Mguu wa 87a upeleke ethi. Mguu wa 85 nao ethi. Mguu wa 86 upokee ule mweusi baada ya kutoka kwenye alamu. Rilei ikikosa umeme, 30 na 87a zinagusana na cheche inamwagikia kwenye bodi. Haijalishi kama umeme umekosekana kwa sababu alamu imefungwa, soketi imechomolewa au betri imetolewa: piga kiki, haiwaki. Hasara yake ni kwamba betri yako ikifa kabisa, hata wewe huwashi. Kwa bodaboda wa mjini naona ni bei ya haki. Wa kijijini abaki na swichi ya siri.

Viungo vya nyaya vya fundi huyo wa video navyo vimenikera. Nimesema miaka mingi kwamba waya wa kusokota na kuzungushia tepu nyeusi si kiungo. Jua likipiga, gundi inayeyuka, tepu inateleza, mvua ya masika inaingia, shaba inaota kutu ya kijani, na kwa mtetemo wa injini ya silinda moja kiungo kinaachia barabarani. Kwenye waya unaolisha rilei hii, kuachia ni kuzimikiwa katikati ya malori ya barabara ya Mandela. Chomelea kwa risasi, vika mpira wa kubana kwa moto.

Kipengele cha kuwasha injini kwa rimoti hakukiunga, na hapo alifanya vyema. Alamu za aina hiyo hazijui kama chombo kiko kwenye gia.

Aliyefungiwa na fundi huyu, au na yeyote aliyejifunza kupitia video hiyo, aweke gia huru, afunge alamu, achomoe soketi ya swichi, apige kiki. Ikiwaka, airudishe leo leo na adai irekebishwe bila kulipa tena hata shilingi.