Kutii, Msaidizi na Kichwa: Maneno Matatu ya Mahubiri ya Ndoa

Katika mji wa Jinja, penye chanzo cha Mto Naili, na katika mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, mjadala juu ya nafasi ya mwanamke husikika zaidi kanisani kuliko katika vyuo vikuu, hasa katika mahubiri ya siku ya arusi. Hoja ya wahubiri walio wahafidhina yajulikana. Mungu aliumba mume na mke wenye hadhi sawa, bali wajibu wao ni mbalimbali: mume ni kichwa, mke ni msaidizi, na nyumba husimama mke anapomtii mumewe. Harakati za ukombozi wa wanawake, kwa maoni hayo, ni mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma ili kuvunja nyumba hiyo.

Makusudi yetu hapa si kuhukumu imani ya mtu. Sisi tu walimu wa lugha. Lakini hoja hii imesimama juu ya maneno matatu, na maneno ndiyo kazi yetu. Hapana budi, basi, tuyapime.

Kwanza tukumbuke ni kwa lugha gani neno la Mungu lilifika mashariki ya Uganda. Biblia ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896, ndiyo iliyobebwa na walimu wa dini hadi Busoga na Bugisu. Kiswahili kilifika kwa njia nyingine: kambi za askari, reli na masoko. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe shuleni kwa lazima. Kwa hiyo mwanafunzi wa Jinja au Mbale anayejifunza Kiswahili leo ataikuta mbele yake ile tafsiri ya mwaka 1952, iliyounganisha Biblia ya Mombasa na ya Unguja. Ni kazi yenye ufasaha mkubwa, nayo imewafunza wengi wetu lugha iliyo safi. Ndiyo sababu yastahili kuhakikiwa kwa makini, kama tunavyohakiki diwani yoyote ya mshairi tunayemheshimu.

Tuanze na neno kutii. Mhubiri husoma sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso kuanzia mstari wa 22, ambapo wake huagizwa kuwatii waume zao. Akigeuza ukurasa, katika sura ya 6, watoto huagizwa kuwatii wazazi na watumwa kuwatii mabwana. Msomaji wa Kiswahili huona kitenzi kimoja mahali pote patatu, naye ataamua, bila ya kosa lolote la kisarufi, kwamba mke yu katika safu moja na mtoto na mtumwa. Kigiriki hakisemi hivyo. Kwa watoto na watumwa Paulo alitumia kitenzi chenye maana ya kusikia amri na kuifuata. Kwa wake maana ni ya kitenzi kingine, yaani kujiweka chini ya mwingine kwa hiari. Tena katika baadhi ya nakala za kale kabisa mstari wa 22 hauna kitenzi chake wenyewe, bali huazima kile cha mstari wa 21, ambao huwaagiza waumini wote, waume kwa wake, wajiweke chini wao kwa wao. Mfasiri wetu aliuandika mstari wa 21 kwa neno kunyenyekeana, kisha katika mstari wa 22 akaandika kutii. Hivyo kitendo ambacho kwa Paulo kilikuwa kimoja, katika Kiswahili kimekuwa viwili: kimoja cha wote, na kingine cha wake peke yao.

Mhafidhina aliyesoma hatakosa jibu. Atatuelekeza kwenye Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, ambako Sara anasifiwa kwa kumtii Ibrahimu, na huko kitenzi cha Kigiriki ni kile kile cha watoto. Jibu hilo ni zito, nasi twalikubali. Lakini msomaji akirejea Mwanzo 21:12 atakuta Mungu akimwamuru Ibrahimu aisikilize sauti ya Sara katika jambo ambalo Ibrahimu mwenyewe hakulipenda. Na katika Kiebrania kusikiliza sauti ya mtu ndiko kumtii. Mahubiri ambayo humtaja Sara wa Petro na kumwacha Sara wa Mwanzo yamesoma nusu ya hadithi.

Neno la pili ni msaidizi. Katika Kiswahili cha ofisini msaidizi ni mtu wa chini: katibu msaidizi hakai kiti cha katibu, na msaidizi wa nyumbani hapangi mambo ya nyumba. Kwa masikio hayo ndiyo tunayasoma maneno ya Mwanzo 2 juu ya Hawa. Lakini neno la Kiebrania lililotumika hapo, ezeri, katika Agano la Kale hutajwa mara nyingi zaidi kwa Mungu mwenyewe, kama katika Zaburi ya 121, ambapo mwenye dhiki huuliza msaada wake utatoka wapi. Ni neno hilo hilo lililomo ndani ya jina Ebenezeri, yaani jiwe la msaada, jina ambalo Wakristo wa Afrika Mashariki wanalifahamu vema. Hakuna anayedhani kwamba Mungu wa Ebenezeri ni mdogo kwa yule anayemsaidia.

La tatu ni kichwa. Hapa mapokeo ya mahali huingia kimya kimya. Kwa Wagisu wa Mbale, kijana huwa mwanamume kamili kwa imbalu, tohara ya hadharani ifanywayo katika miaka ya shufwa na kufunguliwa huko Mutoto, karibu na mji. Ni desturi yenye heshima yake, na ushujaa wake haubishaniwi. Lakini mhubiri asemapo kichwa mbele ya watu hao, wengi husikia mamlaka aliyokwisha kuyapata mwanamume kwa kisu, wala hawasikii sharti ambalo Paulo aliliweka: kwamba mume ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya kanisa, yaani hata kufa. Kiswahili chenyewe kingeweza kutusaidia. Kichwa cha garimoshi ndicho kitanguliacho na kuvuta uzito wa mabehewa yote. Mume aliye kichwa kwa maana hiyo ana mzigo zaidi, wala si amri zaidi.

Kuna na neno la nne, ambalo halihubiriwi kabisa. Katika Warumi 16 Fibi wa Kenkrea anaitwa mhudumu wa kanisa. Neno lile lile la Kigiriki, katika Wafilipi 1, limetafsiriwa mashemasi. Wale wengine walipewa cheo. Mwanamke akapewa kazi.

Je, tuseme basi kwamba Ukristo wa kihafidhina ulikuwa adui wa mwanamke katika nchi hii? Historia yakataa. Gayaza, shule ya wasichana, ilifunguliwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1905, wakati serikali haikuwa na shule kwa ajili yao. Mama Kevin, mtawa wa Kiairish aliyefika Nsambya mwaka 1903, aliasisi mwaka 1923 shirika la masista wa Kiafrika huko Nkokonjeru, na kazi yake ilifika hadi kituo cha wakoma cha Buluba, mashariki ya Jinja. Sheria ya Kanisa lake iliwakataza watawa kuzalisha wanawake. Wamisionari waliipinga kwa miaka mingi, naye miongoni mwao, hata Roma ikalegeza mwaka 1936. Alibadilisha nafasi ya mwanamke bila kuliacha kanisa. Kadhalika uamsho wa Balokole, tangu miaka ya 1930, uliwasimamisha mke na mume mbele ya mkutano mmoja, kila mtu akitubu kwa kinywa chake. Na Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtu wa uamsho huo, aliwabariki wanawake watatu kuwa makasisi mwaka 1983, ilhali Kanisa la Uingereza lilifanya hivyo mwaka 1994 tu. Kwa hiyo neno uhafidhina lenyewe lahitaji ufafanuzi: kanisa laweza kushika mafundisho ya kale juu ya ndoa na bado likamtia mwanamke madhabahuni.

Wanaharakati nao wana la kujirekebisha. Wapo wanaoichukua Biblia kana kwamba ni kamba tu ya kumfungia mwanamke, na kwa kufanya hivyo huwaachia wapinzani wao kitabu ambacho mama wa Jinja na Mbale hukitegemea alfajiri na jioni. Anayetaka kusikilizwa na mama huyo hana budi kusoma naye.

Mambo haya si ya darasani tu. Mwaka 2002 Speciosa Wandira Kazibwe, daktari, binti wa Busoga na Mkatoliki, aliyekuwa Makamu wa Rais tangu 1994, alieleza hadharani kwamba alikuwa amemwacha mumewe kwa sababu ya kupigwa. Ikiwa aliyeshika cheo hicho alipatwa na hayo, mwanamke wa kijijini aliyeambiwa atii angesema nini? Sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani ilipatikana mwaka 2010. Kusini mwa Mbale, huko Tororo, shirika la Mifumi lilipeleka shauri la mahari mahakamani mwaka 2007. Mahakama ya Katiba ililikataa mwaka 2010. Hatimaye tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahari yenyewe si haramu, bali kudai irudishwe ndoa ivunjikapo ni kinyume cha Katiba. Kabla ya siku hiyo, mke aliyepigwa aliweza kurudishwa kwa mumewe kwa sababu tu baba yake hakuwa na ng'ombe wa kulipa. Mhubiri aliyemwambia mke huyo atii, bila ya kumsomea mumewe mstari wa 25, alimwongezea ng'ombe wengine juu ya deni lake.

Uamuzi wetu ni huu. Hoja ya wahafidhina ina nguvu inapoichukua sura nzima, na inapomdai mume kwanza. Inapojitegemeza juu ya neno kutii peke yake, inategemea chaguo la mfasiri, wala si mtume. Kazi iliyobaki ni yetu, walimu wenzetu. Tuwape wanafunzi Waefeso 5:21 na 22 kwa pamoja, Mwanzo 2 na Zaburi ya 121 kwa pamoja, Warumi 16 na Wafilipi 1 kwa pamoja, kisha tuwaulize ni kwa nini neno moja limekuwa mawili, na mawili yamekuwa moja. Msichana wa Mbale atakayeweza kujibu swali hilo hatahitaji kuchagua kati ya imani yake na heshima yake.